Mimba Iliyofichwa Shambani

Mwezi wa tatu mpunga wa kijiji cha Michenga huanza kubeba punje, na ndege nao wana njaa. Hapo familia nyingi huhamia shambani kuulinda. Hulala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti mirefu, maji yapite chini.

Mwaka huu Eustaki alihama mapema kuliko wote. Si ndege waliomhamisha. Alikuwa anamficha mkewe, Levina, mwenye mimba ya mtoto wa tano. Watoto wanne, Katarina akiwa ndiye mkubwa, waliachwa kijijini kwa bibi yao.

Kabla ya kuhama, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Eustaki alisikia watu wakisema serikali imeweka ukomo: mwisho watoto wanne, anayezidisha ananyang'anywa shamba. Kesho yake akamwona Noela, mhudumu wa afya wa kijiji, akipita nyumba kwa nyumba akiandika majina ya watoto.

"Lisemwalo lipo," alimwambia mkewe. "Kama halipo, laja. Kliniki huendi tena."

Levina alitii. Mimi namlaumu Eustaki, lakini hofu yake naielewa. Shamba lile ndilo lililowalisha.

Miezi miwili ikapita bila Levina kuonekana kliniki. Noela akapanda mtumbwi kumfuata shambani.

"Shikamoo, baba Katarina."

"Marahaba. Mama Katarina amesafiri, yuko Mahenge."

Juu ya dungu mtu aliguna kwa maumivu. Noela akapanda ngazi bila kuruhusiwa. Alimkuta Levina amevimba uso na miguu.

"Kichwa kinapasuka, mdogo wangu," Levina alisema. "Na macho yanaona ukungu."

"Baba Katarina, tumshushe sasa hivi! Hii ni hatari."

"Mkimwandika huyu wa tano, shamba langu je?"

"Sheria hiyo haipo Tanzania! Tunaandika watoto tujue nani hajachanjwa. Idadi mnaamua ninyi wawili. Mimi kazi yangu ni kuwaeleza njia za uzazi wa mpango."

Ndani ya mtumbwi, Eustaki akipiga kasia, Noela aliendelea.

"Uchina waliwahi kuweka ukomo. Watu wakaficha mimba, kama wewe. Watoto wengine wakakua bila kuandikishwa, wakapata taabu hata kuingia shule. Baadaye wazee wakawa wengi, vijana wa kuwatunza wachache. Ukomo ule ukaondolewa."

Eustaki alipiga kasia kwa nguvu zake zote.

Hospitalini Ifakara Levina aliokolewa. Mtoto, binti, alizaliwa amekufa. Daktari alisema presha ilipanda siku nyingi, na kliniki wangeiona mapema.

Walimzika mtoto Michenga. Wiki chache baadaye Levina na mumewe walikwenda kwa Noela, wakaelezwa njia zote. Levina akachagua kijiti cha kuzuia mimba, kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, mwili upumzike kwanza. Hawakulazimishwa na mtu.

Kisha Eustaki akaenda kwa jirani yake wa shambani, Ndaki. Naye alikuwa amemficha mkewe, Sikitu, mwenye mimba ya saba.

"Ndaki, tulidanganywa. Nilimwogopa mtu ambaye hakuwa anakuja, nikamzika binti yangu. Mpeleke Sikitu kliniki."

Ndaki akaenda kufungua mtumbwi.

Mwezi wa sita Sikitu alijifungua salama hospitalini, mtoto wa kike. Eustaki na Levina walikwenda kuwapongeza. Eustaki alipopewa mtoto ampakate, alilia mbele za watu wote, na hakuna aliyemcheka.