Nilimshonea Mtoto Kofia, Mama Yake Nikamruka

Wasomaji wenzangu, mimi ni mjane wa miaka hamsini na sita, naishi peke yangu kijijini Nyanungu, wilaya ya Tarime. Kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye darasa la elimu ya watu wazima, kwa hiyo herufi zangu zikipinda mnivumilie. Kilichonifanya nishike kalamu ni Krismasi.

Juzi watu wamesherehekea. Nilipika wali wa watu wanne, sijui nilikuwa namngoja nani! Nikala vijiko viwili, nikafunika sufuria. Mpaka sasa ipo pale jikoni imejaa, na mimi nipo hapa naandika...

Mume wangu alifariki akaniachia mabinti wawili na boma lenye ng'ombe. Mtoto wa kiume sikujaliwa. Mabinti wakaolewa mbali, mmoja baada ya mwingine, na shemeji zangu wakaanza kupita nyuma ya nyumba yangu wakiangalia shamba. Hawakusema kitu, lakini macho yao yalikuwa yanalima.

Kwetu Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume hakosi njia. Anatoa ng'ombe, anaoa msichana. Ndiyo, mwanamke anaoa! Tunaita nyumba ntobu. Msichana yule anakuwa mkamwana wako, mke wa mwana ambaye hukumzaa. Anatafutiwa mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wanakuwa wa boma lako. Mwanamume mwenyewe hana sauti pale. Anakuja, anakula ugali wake, anaondoka.

Basi nikatoa ng'ombe waliotoka kwa mahari ya mabinti zangu, nikamuoa Robi, msichana kutoka Kenyamonta, ng'ambo ya Mto Mara. Alikuwa mrefu, mpole, mchapakazi. Kuni, maji, palizi, kukamua... vyote vilikuwa vyake. Mimi nilikuwa mtu wa kuamrisha tu, na mdomo wangu, majirani wataniambia nisifiche, ni mkali.

Mwanamume nilimtafuta mwenyewe. Nilimchagua Chacha, aliyekuwa akibeba magunia kwenye ghala la ushirika. Mnajua kwa nini nilimpenda? Kwa sababu hakuwa na ng'ombe hata mmoja! Baba yake alikufa maskini, na dada wa kuolewa alete ng'ombe hana. Nikajisemea, mtu asiye na ng'ombe ataoaje? Huyu hatanisumbua. Nikajiona nina akili kushinda wanaume wote wa Nyanungu.

Robi akazaa mtoto wa kiume. Nikamwita Mwita, jina la marehemu mume wangu. Siku ile shemeji zangu walikuja kunipa mkono na nyuso zao zimekunjamana, na mimi nikacheka mpaka machozi.

Jamani, nilimpenda mtoto yule! Kila Krismasi ilikuwa yake. Miaka ile mnaikumbuka, tulishahamishiwa kwenye nyumba za mstari za kijiji cha ujamaa, na dukani kulikuwa na rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo. Sukari ni foleni. Sabuni ni foleni. Kitambaa mpaka balozi wa nyumba kumi akuandikie. Lakini Mwita wangu hakukosa! Shati jipya, kaptula mpya, mkate, peremende, nyama ya sehemu anayoitaka yeye.

Na Robi? Robi alivaa gauni lile lile la maua alilokuja nalo siku ya kuolewa. Lilianza kuwa jekundu, likawa la waridi, mwisho likawa halina rangi ya kutaja. Mimi sikuliona. Nilikuwa nimetoa ng'ombe kwa ajili yake... mtu aliyetolewa ng'ombe anadai nini tena?

Mwaka ninaousimulia, Mwita alikuwa na miaka minne. Nilipanda lori la ushirika hadi Tarime mjini, nikasimama foleni toka asubuhi, nikapata kitambaa cha bluu kizuri sana. Nikakipeleka kwa Fundi Saidi, mzee mmoja mwenye asili ya pwani anayeshona barazani. Alikata shati, akakata kaptula, kisha akakinyoosha kilichobaki juu ya cherehani.

"Mama, hiki kilichobaki chatosha blauzi," akasema. "Nimshonee mama yake mtoto? Wataenda kanisani wamefanana."

Nikamwambia hapana. Mshonee mtoto kofia.

Fundi akanitazama. "Kofia haili kitambaa chote hiki, mama."

Nikamjibu basi aishone kubwa, aiwekee na mikunjo! Akacheka kidogo, akashona. Laiti ningejua, wasomaji wenzangu... ningemwachia hata shuka la kitanda changu alishone blauzi!

Asubuhi ya Krismasi Mwita alitoka ndani kama bwana shauri, na kofia yake kubwa imemfunika masikio. Nilipomsogelea Robi nikasikia harufu. Sabuni ya kuogea! Ile ya manukato, wakati sisi wote tulikuwa tunafulia na kuogea kipande kimoja kinachounguza ngozi. Nikamuuliza ameitoa wapi. Akasema amepewa na rafiki. Nikamtania kwamba rafiki huyo anipe na mimi, nikaendelea kumfunga Mwita vifungo.

Tulipotoka kanisani Robi akanipigia magoti.

"Mama, mwaka huu niruhusu niende Kenyamonta. Nimpeleke Mwita wazazi wangu wamwone. Hata nyama kidogo tu na sukari, nisiende mikono mitupu."

Kila Krismasi aliniomba hivyo, na kila Krismasi nilikataa. Niliogopa mtoto akizoea kwa wajomba atanisahau. Nikamwambia aache mambo yake, nani atanisaidia kupika? Alipoendelea kupiga magoti, nikalegea kidogo. Nikasema haya, mpeleke matembezi pale madukani, watu waone nguo zake, umnunulie soda. Nikampa hela ya soda moja.

Alizitazama zile hela mkononi. "Moja, mama?"

"Mtoto mmoja, soda moja," nikamjibu, nikajiona nimesema jambo la kuchekesha.

Wakaondoka wameshikana mikono. Nikabaki napika. Niliupata mchele kwa taabu, nikaupika na nyama ya ng'ombe, nikaweka na iliki chache nilizozificha. Wali ukaiva. Nikatandika mkeka. Kwa jirani watoto walikuwa wanakimbizana, mtu anapiga nyuzi za ritungu, wanawake wanacheka. Nikasema watakuwa wanakuja...

Jua likashuka nyuma ya kilima. Wali ukapoa. Ndipo jirani yangu mmoja akaja, akasimama mlangoni akisitasita. Akaniambia amewaona kwenye njia ya kwenda Nyangoto. Robi, Mwita, na Chacha. Chacha amembeba mtoto mabegani!

Nilipiga ukelele mpaka ritungu ikanyamaza.

Asubuhi nikafunga safari hadi Kenyamonta kwa baba yake Robi. Mzee wa watu aliona aibu sana. Akaapa hajamwona binti yake tangu siku aliyonikabidhi. Wazee wa mila wakakaa, na maneno yao hayakuwa marefu. Mtoto ni wa boma lililotoa ng'ombe. Chacha hana ng'ombe, hana mtoto. Mzee wa Kenyamonta atarudisha mahari pole pole.

Nilishangilia! Nikamchukua shemeji yangu mmoja, tukaenda Nyangoto.

Tuliwakuta kwenye kibanda cha nyasi karibu na mashimo ya dhahabu. Chacha alikuwa anaponda mawe. Alisimama, akaangalia chini, hakusema neno. Atasema nini? Nilijua tangu mwanzo kwamba hana sauti, ndiyo maana nilimchagua.

Robi naye hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonisumbua baadaye. Alimvalisha Mwita kofia yake, akaingia ndani, akatoka na lile gauni lake la zamani limekunjwa.

"Akilia wakati wa kulala, mpe hili ashike," akaniambia. "Atalala tu, mama."

Nikalipokea kwa ncha za vidole. Tukamchukua mtoto, anapiga mateke, njia nzima.

Sasa nilikuwa na mjukuu wangu, na boma langu, na haki yangu. Lakini nyumba ilikuwa kimya, ndugu zanguni! Mwita hakuwa akilia tena baada ya wiki za mwanzo. Alikuwa anakula akiambiwa kula, anakwenda akiambiwa nenda. Jioni analikumbatia lile gauni lililochakaa, anageukia ukutani. Mimi nakaa upande wa pili wa moto namsimulia hadithi, na hadithi inaishia hewani. Nilipokuwa nagombana na Robi toka asubuhi hadi jioni nilikuwa najiona nina taabu. Kumbe nilikuwa na mtu wa kuongea naye!

Krismasi ikarudi. Nikasema mwaka huu nitamfurahisha mpaka acheke. Nikahangaika nikapata raba nyeupe, shati la mistari, mkate mzima. Baada ya kanisa nikampeleka mwenyewe madukani, nikamnunulia soda.

Alikunywa taratibu, macho yakiwa kwenye chupa. Ilipofika nusu akaacha. Akaziba mdomo wa chupa kwa kiganja, akashuka barazani, akaanza kutembea.

"We mura, rudisha chupa!" muuza duka akamwita. "Chupa haitoki hapa!"

Mwita akaendelea kwenda. Nikamkimbilia, nikamshika mkono, nikamwambia amalize soda tuirudishe chupa ya watu. Akaikumbatia kifuani, soda inammwagikia kwenye shati jipya.

"Hii ni ya mama," akasema.

Toka nimchukue Nyangoto, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitaja neno mama.

Nikamwambia mama hayupo. Akasema anajua alipo. Akanyoosha kidole kuelekea njia ya Nyangoto, bila kubahatisha.

Muuza duka alikuja kuchukua chupa yake, lakini alipomwona mtoto akasimama. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mwaka jana walikaa pale pale wakanywa moja. Mtoto alipofika nusu akamwambia mama yake, na wewe kunywa. Yule dada alifuta machozi kwanza ndipo akanywa. Mimi nilifikiri amefiwa."

Wasomaji wenzangu, mmewahi kupigwa bila kuguswa? Nilikaa chini kwenye vumbi, na nguo zangu za Krismasi, watu wananiangalia. Mtoto wa miaka minne aliliona jambo ambalo mimi na uzee wangu sikuliona! Alimpa mama yake nusu ya zawadi. Mimi miaka yote ile nilimpa nini?

Sikurudi nyumbani. Muuza duka akatuachia chupa, Mungu ambariki. Tukashika njia, mimi na Mwita, na soda yake imepoteza gesi, kila hatua inapungua. Tulipofika kwenye kibanda kile ilikuwa imebaki kidogo sana chini. Robi alikuwa ameinama anapepeta unga. Mwita akamnyooshea chupa. Robi akaipokea kwa mikono miwili, akainywa yote, ndipo akamkumbatia.

Nikasema nimemleta, akae. Nikasema na mzee wa Kenyamonta asihangaike tena na ng'ombe. Sikuweza kusema nisamehe.

Chacha akaniletea kigoda. Robi akasema, "Karibu ule nasi, mama. Kuna ugali na dagaa."

Na mimi, na kiburi changu hiki... nikajibu nimeacha chungu jikoni. Chungu gani? Hakukuwa na chungu! Nikageuka, nikaondoka, nikalia peke yangu njia nzima.

Shemeji zangu walipopata habari wakasema nimeiua nyumba ya kaka yao kwa mkono wangu. Hawanisalimii tena, na shamba wanalilima hadi kwenye ukuta wangu. Mabinti zangu wana waume na watoto wao. Krismasi zimepita, na hakuna aliyekuja. Kwa nini waje? Nilikaribishwa nikakataa.

Mwezi uliopita nilipata kitambaa, cha bluu kama kile. Nikaenda kwa Fundi Saidi nikamwambia ashone blauzi ya mkamwana wangu. Akachukua utepe wake akaniuliza, "Vipimo vyake, mama?"

Mabega yake mapana kiasi gani? Kiuno je? Niliishi naye miaka, nimemwona akiinama kwenye moto kila alfajiri, sikuweza kumwambia fundi hata kama ni mnene au mwembamba! Nikasema mshonee ya mtu wa kawaida.

Ninyi mlio na wakamwana ndani, mliooa kwa nyumba ntobu au watoto wenu wameoa, na ninyi wanaume mnaorudi na nguo za watoto tu kila sikukuu, nawasihi sana msipite njia niliyopita. Ukifika kwa fundi, mtaje na yule anayewasha moto. Ng'ombe walikwenda kwa baba yake, yeye hakuvaa ng'ombe. Na mtu akikwambia karibu ule, kaa chini ule, hata kama moyo umejaa aibu.

Blauzi ipo hapa ukutani, kwenye msumari. Njia ya Nyangoto naijua. Nimeishusha mara nyingi nikaikunja, nikafika nayo mlangoni, nikarudi... Sijui hata kama itamtosha.