Mwachie Sofia Aseme

Asubuhi moja mwaka 1954, Mwantumu alikuwa akipepeta ufuta uani kwake, Ruangwa. Binti yake Sofia, mwenye miaka saba, alikaa kando yake. Jirani yao, Mzee Kaimu, akapita na jembe begani.

"Mwamkie babu," Mwantumu alisema.

Sofia akainamisha kichwa. Mama hakusubiri. "Anakuamkia, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Kwani ulimi wake umeuficha wewe, mwanangu?" Mzee Kaimu alicheka.

Saburi, baba yake Sofia, hakucheka. "Na shuleni ndivyo alivyo. Jumamosi ijayo wazazi wote tutatazama mchezo wao wa kuigiza. Asiposema, shule basi. Atabaki shambani kuamia ndege, kuwafukuza wasile mtama."

Mwantumu aliumia moyoni. Yeye hakusoma. Barua za kaka yake, aliyefanya kazi Nachingwea, alisomewa na watu. Hakutaka Sofia naye asomewe barua maisha yake yote.

Akaenda shuleni kutazama mazoezi. Mwalimu Letisia, mwenyeji wa Mnero, alikuwa amewapanga watoto wawili wawili: mkubwa wa darasa la nne na mdogo wa darasa la kwanza. Mwenzi wa Sofia alikuwa Zuena. Katika mchezo, Sofia alilinda shamba. Watoto walioigiza nyani wakiingia, apige kelele: "Nyani wamevamia mhogo! Njooni!"

Nyani wakaingia. Sofia akafumbua mdomo. Kabla hajatoa neno, Zuena akapiga kelele badala yake.

"Mtoto mwema! Anamsaidia mwenzake," Mwantumu alisema.

"Moyo wake ni mwema, mama, lakini hapo hamsaidii," alijibu mwalimu. "Mkubwa akimsemea mdogo, mdogo huzoea kunyamaza. Nyumbani nani anamsemea?"

Mwantumu akaona aibu. "Ni mimi, mwalimu."

Mwalimu akamwita Zuena. "Simama karibu naye. Akikwama, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Akishindwa kabisa, mnong'oneze neno la kwanza tu. Yanayobaki ni yake."

"Na akinyamaza mbele ya watu wote?" Zuena aliuliza.

"Tutanyamaza pamoja naye."

Tangu siku hiyo, kila jioni wasichana hao walikwenda kuamia ndege katika shamba la mtama. Kila mmoja alipanda dungu lake, jukwaa la miti la mlinzi wa shamba. Zuena aliita kutoka huku, Sofia akajibu kutoka kule. Siku ya kwanza hakuna ndege hata mmoja aliyeruka. Siku ya nne waliruka wote.

Jumamosi ikafika. Nyani wakaingia. Kimya. Saburi akakohoa. Mwantumu akauma pindo la kanga yake. Zuena alisimama karibu na Sofia, akihesabu. Alifika nane.

"Nyani wamevamia mhogo! Njooni!"

Mzee Kaimu aliruka, akatafuta fimbo yake. Watu walicheka mpaka machozi. Mwantumu alilia kwa furaha.

"Mcheza kwao hutunzwa," Mzee Kaimu alisema, akampa Sofia karanga. Sofia akamgawia Zuena nusu.

Jumatatu asubuhi mzee akapita tena na jembe lake. Mwantumu akafumbua mdomo, akaufumba. Akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Shikamoo, babu," Sofia alisema.

"Marahaba, mlinzi wetu!"

Saburi mwenyewe akamletea Sofia kibao chake cha kuandikia. "Nenda shule, mwanangu. Zuena anakusubiri."