Kahawa ya Baba Iliyopoa

Kila asubuhi kabla ya shule, Hayfa alipanda juu ya paa kuanika nguo, akatazama ng'ambo ya bonde la Karak. Kule kulikuwa na nyumba ya Babu Awad na kamba yake ya nguo. Akiliona gauni jeusi la mama likipepea, moyo ulitulia kidogo. Mwezi wa tatu sasa hajalala karibu na harufu yake ya iliki.

Mama yake, Nawfa, alikimbilia huko kwa baba yake kwa sababu ya kipigo cha mumewe. Mara ya kwanza, wazee wa mtaa walimsindikiza baba kuomba radhi. Kwa desturi yao, mwombaji haonji kahawa mpaka akubaliwe. Mzee mkuu alimwuliza Hayfa, "Baba ametulia, siyo?" Kwa hamu ya mama, Hayfa akaitikia, "Ametulia." Kahawa ikanywewa, mama akarudi nyumbani, wakubwa wakaenda zao. Wiki haikuisha mama akavunjwa mkono. Hospitalini hakuonekana mkubwa hata mmoja.

Safari hii, mama alipokimbia tena, baba, Mutlak, alikwenda kila Jumanne kwenye mafunzo ya wanaume wanaotaka kuacha kupiga wake zao. Ofisi ya wilaya iliwanyang'anya chumba walichokitumia, eti kina kazi za maana zaidi. Mwalimu wao, Ghazi, akawakusanya katika karakana yake ya magodoro.

Ijumaa moja wazee wakaongozana tena na baba na Hayfa kwa Babu Awad. Hayfa akaandaa vikombe.

"Haya binti, tumalizane, chakula kinaningoja," alisema mzee mkuu. "Baba yako si amebadilika?"

Hayfa alimwona mama mlangoni, mkono ule bado umepinda. Neno moja tu, na mama angerudi leo.

"Hajampiga mtu," alisema. "Lakini juzi alirusha sahani ukutani."

"Kiherehere gani hiki!" alifoka mzee mkuu.

"Mwache, mzee," alisema baba. "Ni kweli. Nilirusha, kisha nikakaa ngazini mpaka mikono ikatulia, kama tunavyofundishwa. Bado sijafika, Nawfa. Nimebakiza Jumanne sita."

"Basi kahawa na ipoe," alijibu mama.

Hayfa alilia njia nzima. Baba hakumkaripia.

Jumanne hizo zilijikokota. Zilipokwisha, baba na Hayfa walikwenda tena kwa Babu Awad, safari hii na Ghazi tu, bila wazee. Mama alimhoji Ghazi kwa kirefu, kisha akageuka. "Nawe mwanangu, unasemaje?"

"Sahani zote ziko kabatini, mama."

Mama akamimina kahawa mwenyewe. "Kunywa, Mutlak. Ila mkono ukiinuka tena, sitangoja wazee. Nitakwenda polisi."

Babu Awad alimvuta Hayfa karibu. "Ile mara ya kwanza kosa halikuwa lako, mjukuu wangu. Ni letu wakubwa, tuliotaka yaishe upesi tukatia neno kinywani mwa mtoto. Ukimpenda mtu, sema kweli, hata kama kweli itakuchelewesha kumkumbatia."

Kesho yake kamba ya ng'ambo ilikuwa tupu. Juu ya paa lao, gauni jeusi lilimdondoshea Hayfa maji kichwani, naye hakusogea.