Goti la Bibi na Sindano ya Ng'ombe

Kila alfajiri Mektilda alichemsha maji, akachovya kitambaa na kulikanda goti la Bibi Justina. Bibi alikuwa amelima pamba tangu ujana wake, na sasa hata kupiga magoti kanisani hakuweza.

"Taratibu, mjukuu wangu," alilalamika. "Hilo ni goti, si unga wa maandazi!"

Asubuhi moja Bwana Mageni, jirani yao aliyetibu mifugo, alifika kuchoma ng'ombe sindano. Bomba lake la kioo liling'aa juani, na ndama aliyekuwa hoi wiki iliyopita sasa alirukaruka zizini. Bibi alitazama, macho yakamtoka.

"Mageni, umemwinua ndama, goti langu litakushinda?"

"Bibi, mimi ni mtu wa mifugo."

"Acha maringo! Vidonge nimemeza mpaka nimechoka. Nichome hapa hapa panapouma."

Mageni akacheka, akaifuta sindano kwa pindo la shati, akamchoma gotini. Mektilda alistaajabu sana. Dawa iliingia moja kwa moja kwenye maumivu!

Siku chache baadaye goti lilivimba kama boga, likawa la moto, na Bibi akaanza kuweweseka kwa homa. Majirani wakambeba kwa machela hadi hospitali. Njiani, Baba alimnong'oneza Mektilda, "Tukiulizwa, ameanguka. Mageni ni jirani yetu, asije akafungwa."

Daktari Marselino alilibonyeza goti. "Limepatwa na nini?"

"Ameanguka," Baba alijibu.

"Mbona hakuna mchubuko? Niambieni kweli. Nikikosea hapa, mguu huu utakatwa."

Mektilda alimtazama Bibi anayetetemeka. 

"Daktari, alichomwa sindano ya ng'ombe. Haikuchemshwa."

Baba akainamisha kichwa.

"Ahsante, mwanangu," Daktari alisema. "Sasa najua ninapambana na nini."

Bibi akaingizwa chumba cha matibabu. Mlango uliachwa wazi kidogo, na Mektilda akachungulia. Muuguzi aliitoa sindano kwa koleo kutoka kwenye maji yanayotokota, bila kuigusa kwa vidole. Daktari alinawa mikono hadi viwikoni, akanawa tena. Ngozi ikapakwa ayodini ya kuua vijidudu, sindano ikaingia polepole, bomba likajaa usaha. Jamani! Mektilda alisahau hata kupumua. Balaa lote lile liliingia kwa tundu dogo lisiloonekana!

Bibi alilazwa muda mrefu, lakini alipona. Siku ya kuruhusiwa, Daktari aliwaita wote.

"Sindano ya kwenye goti si mbaya, hata sisi huichoma," alisema. "Lakini ndani ya goti ni kama chumba kilichofungwa. Vijidudu vikiingia, havitoki kwa urahisi. Achome aliyesomea, kwa sindano safi na dawa ya binadamu. Na daktari asifichwe kitu. Ukweli wa mtoto huyu umeuokoa mguu."

Baba akamshika Mektilda bega. "Nisamehe, binti yangu."

Mageni alipokuja tena kutibu ng'ombe, alimwomba Bibi radhi. Kisha akasugua bega lake.

"Nami bega linanitesa. Labda nijichome mwenyewe."

"Thubutu!" Bibi alifoka, akitwaa kanga yake. "Twende hospitali, nakupeleka mimi!"

Akatangulia njiani kwa miguu yake mwenyewe. Mektilda aliwafuata nyuma, akilitazama goti lile likikunjika na kukunjuka, haamini macho yake.