Kuna Mtu Chumbani

Ukipeleka suruali kupunguzwa kwenye ule mtaa wa nyuma ya soko, utasimuliwa habari za Fundi kabla hata hujaulizwa urefu. Kila mtu pale ana lake la kuongeza. Haya ndiyo wasiyobishania.

Ilikuwa siku ya gulio, jua linawaka, na Fundi alikuwa anapanda ngazi kwenda kwa mdogo wake, mapazia mapya begani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Jengo lenyewe zamani lilikuwa nyumba ya wageni. Wachuuzi wa gulioni walilala humo wakibanana, na punda wao uani. Sasa limepakwa rangi ya maziwa, limewekwa lifti inayofanya kazi ikijisikia, na bango la getini linasema MAKAZI YA KISASA YENYE HISTORIA. Historia yenyewe ni milango. Mwenye jengo alibomoa kila kitu, ila ile milango mizito ya mbao akaiacha, akaipaka vanishi, akapandisha kodi.

Mdogo wake alimpokea mlangoni, ametoka kuoga, ananukia. Mtaa mzima ulimwita Kipusa. Jina hilo alipewa na Fundi mwenyewe, enzi za kumbeba mgongoni mama yao akiwa kazini. Siku hizi lilikuwa likimkwama kooni.

"Pole na ngazi, dada. Lifti imenuna tena."

"Sisi tusio na lifti tumezoea ngazi."

Kipusa alicheka. Alikuwa na tabia hiyo, ya kucheka pale mtu alipokusudia kumchoma.

Mume wa Kipusa alikuwa mfamasia, mtu mpole, mikono safi. Naye alianzia kwa Fundi. Alileta suruali ipunguzwe. Akarudi na nyingine, ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Fundi akaanza kupaka wanja kazini. Mara iliyofuata mfamasia akamkuta Kipusa ameketi kwenye stuli pale dukani, anatafuna karanga, anacheka. Basi, yakaishia hapo. Gauni la harusi Fundi alilishona mwenyewe, na shela pia, watu wakamsifu wakisema huyo ndiye dada.

Walitundika pazia la sebuleni. La chumbani likaonekana refu, ikabidi Fundi akae kitini kando ya kitanda alipinde upya.

"Mimi najinyoosha kidogo," Kipusa alisema, ameshajitupa kitandani. "Halafu dada, mlango wa chumba hiki ukigongwa, usishtuke. Sema tu 'kuna mtu'."

"Nani agonge, na humu tuko wawili?"

"Sijui. Nyumba zote humu zinagongwa. Anauliza kama kuna mtu, unamjibu, anaenda zake. Kama chooni tu."

"Nyie wenye digrii."

"Kweli tena! Mhadhiri wa ghorofa ya chini ameandika makala kibao kupinga ushirikina, na ndiye anayejibu kwa sauti kubwa kuliko wote." Alipiga mwayo. "Anatafuta chumba kitupu, maskini wa Mungu. Wewe mjibu tu."

Akalala. Usingizi wa mchana, usingizi wa mtu asiye na cherehani ya kukanyaga.

Fundi alipinda pazia. Nje wachuuzi walikuwa wakinadi nyanya. Kitanda kilikuwa kipana, shuka zimenyooka, na upande wa pili mfamasia alikuwa ameacha shati lake la jana. Fundi alilijua lile shati. Kola yake aliishona upya kwa mkono, polepole, akiwaza mambo yake. Na Kipusa, hata usingizini, alikuwa amelivuta kwake, akageukia upande wa Fundi, ameikumbatia kola ileile. Ameibana kidevuni. Kama kitu alichozaliwa nacho.

Mlango ukagongwa.

Uligongwa kwa upole, kwa adabu.

"Kuna mtu?"

Sauti ya mwanamke. Imechoka, sauti ya mtu aliyetembea kutwa na mzigo.

Fundi alifungua mdomo kujibu. Kisha akamtazama tena mdogo wake, na ile kola, na pete kwenye kile kidole. Hakuwa na nia mbaya, alikuja kusema baadaye. Alitaka tu kulisikia lile neno masikioni mwake, mara moja, limetamkwa.

"Hakuna mtu," alisema.



"Asante," ikajibu ile sauti.

Kitasa hakikuzunguka. Mlango haukufunguka. Lakini godoro, upande wa pili, likabonyea. Taratibu. Kama mtu ameketi avue viatu.

Kelele za nyanya zilikuwa zimekoma.

"Kipusa." Fundi alinong'ona. "Kipusa, amka."

Kipusa akafumbua macho. Hakugeuza kichwa.

"Dada," akasema polepole, "nani amelala nyuma yangu?"

Walitoka mbio. Sebuleni ufunguo ulikuwa unazunguka mlangoni. Mfamasia amerudi kula. Kipusa akamkimbilia.

"Karibu, shemeji," mfamasia alimwambia Fundi kwa juu ya bega la mkewe. "Naona mapazia yamependeza. Umekuja peke yako?"

"Acha utani wewe," Kipusa alisema.

Mumewe alinyoosha mkono achukue glasi kabatini. Mkono ukapenya shavu la Kipusa kama unapita hewani. Mfamasia akapangusa mkono wa shati lake, vile mtu anavyopangusa utando wa buibui, akafungua bomba.

Kipusa hakupiga kelele. Aligeuka, akamtazama dada yake.

"Alipogonga, ulimwambiaje?"

Fundi aliutazama mlango wa chumbani.

"Dada. Ulimwambiaje?"

 Fundi aliukimbilia ule mlango, akaukuta umefungwa. Akaupiga kwa ngumi zote mbili.

"Kuna mtu! Nilikosea! Kuna mtu humo, ni mdogo wangu, nimemlea mimi, kuna mtu!"

Ndani kitanda kililia kidogo. Mtu alikuwa anajigeuza, anajiweka vizuri.

"Kuna mtu," ikajibu ile sauti. Haikuwa imechoka tena.

Komeo likaingia.

Fundi alipogeuka, sebuleni palikuwa na mfamasia tu, glasi mkononi, uso umejaa huruma.

"Shemeji," aliuliza, "unamwita nani?"

Alitafuta. Alishuka ngazi akiita, akapita gulioni akiita, na wanawake waliocheza harusini wakamuuliza Kipusa ndiye nani. Mhadhiri alimpa maji, akamshauri apumzike. Mama yao alimwambia kwa upole kwamba yeye alijaliwa mtoto mmoja tu, na kwamba kazi ya kuinama imeanza kumwingia kichwani.

Mfamasia siku hizi analala kwenye kochi. Chumbani kuna mgeni, anasema, wala haoni ajabu kwamba hajui ni mgeni wa nani. Na amerudia kuleta suruali dukani. Nyingine hazina kasoro yoyote. Anakaa, anazungumza, hana haraka. Ni kile kile alichokitamani Fundi, kimeletwa mpaka mezani kwake.

Siku moja Fundi alishindwa. Akaweka mkasi chini.

"Unaniita shemeji," akasema. "Shemeji kwa nani?"

Mfamasia akacheka, swali rahisi hilo. Akanyanyua mkono, kama mtu anayemwonyesha aliyeketi karibu.

"Si kwa..."

Mkono ukabaki hewani. Mdomo wazi. Machozi yakaanza kumshuka, mengi, na yeye mwenyewe akayashangaa, akayafuta kwa suruali aliyoileta, akauliza kama mle ndani kuna vumbi.

Anamwita shemeji mpaka leo. Na yeye huitika.