Makosa Saba Kila Alhamisi

Basi la shule la rangi ya manjano lilipita mbele ya nyumba ya akina Kunkel saa moja na dakika arobaini, kama kila siku, bila kupunguza mwendo. Dereva alipunga mkono. Hester, msichana wa miaka kumi na miwili, alimpungia kutoka dirishani, kisha akakusanya mabakuli ya uji na kupangusa meza. Meza ikishapanguswa, jikoni pakawa darasa.

Watoto wa Kunkel walisomea nyumbani. Mama yao, Joanna, aliwafundisha wote kuanzia saa mbili hadi saa sita. Gideon, wa miaka kumi na sita, alisomea kwenye ngazi kwa sababu, alivyodai, jikoni palikuwa na kelele kuliko kiwandani kwa Baba. Silas, wa miaka minane, alikuwa bado anapambana na kusoma. Neno alilolijua Jumatatu lilimponyoka Jumanne. Ada, wa miaka sita, alijifunza kuandika. Jonas, wa mwaka mmoja, alikaa chini ya meza akitafuna penseli za wenzake. Baba alifanya kazi zamu ya usiku, kwa hiyo asubuhi alikuwa amelala ghorofani, na wote walizungumza kwa sauti ya chini.

Kanuni ya hesabu ilibandikwa kwenye mlango wa friji, kwa mwandiko wa Mama: *Kila Alhamisi, maswali thelathini. Ukipata ishirini na nne au zaidi, endelea na sura inayofuata. Ukipata chini ya hapo, utakaa na Mama.*

Kanuni hiyo ilikuwa na sababu. Mama alikuwa mmoja, watoto watano, na muda wake ulikwenda kwa aliyeuhitaji. Hester hakuuhitaji. Tangu Septemba hakuwa amepata chini ya ishirini na saba. Alisoma maelezo mwenyewe, akafanya maswali mwenyewe, akafunga kitabu mwenyewe, kwenye ncha ya meza iliyo karibu na dirisha.

Asubuhi moja ya Januari, theluji ikianguka, alihesabu maneno yote aliyoambiwa tangu saa mbili hadi saa sita. "Hester, sogea kidogo." "Hester, mshike Jonas." "Hester, umemaliza? Endelea basi." Yalikuwa maneno kumi, na matatu kati ya hayo yalikuwa jina lake.

Ijumaa ilikuwa tofauti. Siku hiyo familia kumi na moja zilizosomesha watoto nyumbani zilikutana katika ukumbi ulio chini ya kanisa, na wazazi wakagawana masomo. Hester alikuwa na rafiki mmoja huko, Corrine. Walikaa pamoja kwenye sayansi, wakazungumza kwa saa mbili kama watu waliofungwa midomo wiki nzima. Kisha zilifuata siku sita.

Wiki hiyo hiyo Hester alishikwa na mafua. Alifanya maswali ya Alhamisi akiwa na homa, akapata ishirini na mawili. Jumatatu yake, Mama alivuta kiti akakaa karibu naye, bega kwa bega.

"Haya, mama, tuone tumekwama wapi," alisema Mama. Alimenya chungwa, akalipanga vipande kumi juu ya kitambaa. "Ukila viwili, umekula sehemu gani?"

"Moja ya tano."

"Na Jonas akiiba kimoja?"

"Basi imebaki saba ya kumi, na Jonas amepigwa kofi."

Mama alicheka mpaka akajiziba mdomo, asije akamwamsha Baba. Walikaa hivyo dakika arobaini. Jumanne tena, na Jumatano tena. Alhamisi Hester alipata ishirini na tisa. Jumatatu iliyofuata kiti kilirudi upande wa Silas.

Alhamisi iliyofuata, Hester alifanya maswali yote thelathini kwa usahihi. Kisha akachukua kifutio. Alifuta 5/8 akaandika 3/8. Aliharibu majibu saba, akichagua kwa uangalifu: si yale rahisi mno, maana yangetia shaka, wala si yote ya ukurasa mmoja. Makosa sita yangempa ishirini na nne, naye angeambiwa aendelee. Makosa saba yalimpa ishirini na tatu.

Jumatatu kiti kilikuja.

"Hata paka anajua robo," alisema Gideon alipopita kuchukua maziwa. "Muulize paka akusaidie."

"Gideon, rudi kwenye ngazi yako," alisema Mama. "Mwache mwenzako ajifunze."

Hester aliendelea hivyo Februari, Machi na Aprili. Mwanzoni alifurahi. Lakini mambo mawili hakuyatazamia.

La kwanza lilikuwa Silas. Yeye na Mama walikuwa wamefika nusu ya kitabu kuhusu mbwa wa kuokoa watu kwenye theluji, na ukurasa mmoja ulimchukua karibu robo saa. Kila asubuhi alisimama kando ya meza akiwa amekikumbatia.

"Mama, zamu yangu?"

"Bado, mpenzi. Hester kwanza."

Muda wa Hester ulipokwisha, Ada alikuwa amemwaga kitu au Jonas anataka kula. "Kesho, Silas," Mama alisema. Kufikia Machi, Silas alimwambia dada yake, bila hasira, "Wewe unachelewa sana kuelewa. Yule mbwa bado yuko shimoni." Kufikia Aprili aliacha kuuliza. Alikirudisha kitabu kwenye rafu, akaenda kucheza na Jonas chini ya meza.

Jambo la pili lilimhusu Hester mwenyewe. Ili kiti kibaki, ilimbidi asielewe. Mama alieleza, naye akakunja uso. Mama akaeleza tena kwa njia nyingine, naye akatikisa kichwa. Hapakuwa tena na utani wa chungwa, kwa sababu mtu asiyejua hesabu hawezi kuitania. Mama alikaa pale akizungumza na msichana mwingine, msichana asiyejua sehemu, na Hester alikuwa peke yake kama zamani.

Wiki ya kwanza ya Mei, Mama alimwita.

"Nimefikiria sana," alisema. "Mwaka ujao utarudia kitabu cha hesabu cha darasa la sita. Na Ijumaa hutakwenda ukumbini. Utabaki hapa ufanye hesabu. Baba atakuwa amelala juu, ukipata shida utaandika swali, nitalitazama nikirudi."

"Ijumaa zote?"

"Zote, mpaka ushike. Si adhabu, Hester. Nadhani kosa ni langu. Pengine sijui kukufundisha."

Hester aliona meza, dirisha, nyumba yenye Baba aliyelala na asiyeruhusiwa kuamshwa, na Corrine akikaa na mtu mwingine. Angeweza kusema pale pale. Hakusema.

Katikati ya Mei alikuja Bibi Fetterolf, mkaguzi. Kila mwaka alikuja kutazama majalada ya watoto, kuzungumza na kila mmoja peke yake, kisha kutia sahihi kwamba wamesoma. Alikuwa amefundisha hesabu shuleni miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu. Keki ya Mama hakuigusa kabla ya kumaliza kazi.

Mama alimweleza habari za Hester kwa sauti ya chini, kisha akashuka chumba cha chini kukunja nguo. Bibi Fetterolf alifungua jalada. Alitoa karatasi za Alhamisi na kuzipanga mezani kwa tarehe, kama mtu anayepanga karata. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Mama yako huona karatasi moja kwa wiki," alisema. "Mimi naziona zote kwa pamoja. Nisomee alama, kuanzia hii ya mwisho wa Januari."

"Ishirini na tatu," alisema Hester.

"Endelea."

"Ishirini na tatu. Ishirini na tatu." Sauti yake ilipungua. "Zote ni ishirini na tatu."

"Wiki kumi na nne. Mwanangu, nimesahihisha karatasi nyingi kuliko nywele za kichwa hiki. Mtoto asiyejua hukosa matano leo, kumi na mawili kesho. Kukosa saba, saba tu, mara kumi na nne, kunataka mtu anayejua hesabu vizuri sana." Aliinua karatasi moja kuelekea dirishani. Chini ya 3/8 ilionekana alama hafifu ya 5/8. "Kwa nini saba?"

Macho ya Hester yalikwenda kwenye friji. Bibi Fetterolf aligeuka, akavaa miwani yake vizuri, akaisoma ile kanuni mpaka mwisho.

"Kiti hiki nilichokalia," alisema, "hukaliwa na nani?"

"Mama. Mtu akikosa."

"Na asipokosa?"

"Hakai."

Chini ya meza Jonas aliangusha penseli.

"Mama alikaa nawe muda gani?"

"Dakika arobaini. Jumatatu, Jumanne na Jumatano."

"Kwa wiki kumi na nne. Jumla ni saa ngapi?"

"Ishirini na nane," alisema Hester papo hapo, bila karatasi, kisha akashika mdomo.

"Ishirini na nane," alikubali Bibi Fetterolf. "Zilikuwa za nani, hizo saa?"

Hester alitazama rafu, mahali kilipokuwa kitabu cha mbwa. "Za Silas."

"Siwezi kutia sahihi karatasi hizi. Zinasema jambo lisilo kweli. Wala mimi siye wa kumwambia mama yako. Nenda. Nitakusubiri hapa, na hiyo keki nitaitazama tu."

Ngazi za kwenda chini zilikuwa kumi na mbili. Mama alikuwa amesimama mbele ya rundo la soksi, akitafuta jozi.

"Mama," alisema Hester, "nilijua yote. Nilifuta majibu makusudi."

Mama alishika soksi moja mkononi. "Yapi?"

"Yote. Tangu Januari."

"Nimekaa nikisoma vitabu vya kufundisha sehemu, Hester. Vitatu. Nilidhani nimekuharibu." Sauti yake haikupanda, hilo ndilo lililokuwa baya. "Na Silas ameacha kuomba zamu. Umeona kwamba ameacha kuomba?"

"Nimeona."

"Kwa nini hukuniambia tu kwamba unataka nikae nawe?"

"Ungeniambia ningoje."

Mama alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa. "Ndiyo," alisema. "Ningekuambia ungoje. Sogea hapa."

Walikaa pale bega kwa bega, bila kitabu kati yao. Kisha wakapanda juu.

Bibi Fetterolf alikuwa ameshaandika maswali thelathini mapya kwenye karatasi safi. "Bila kifutio," alisema. Hester alifanya maswali yote huku wanawake wawili wakinywa chai upande wa pili. Alipata ishirini na manane.

"Makosa mawili," alisema Bibi Fetterolf, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Haya ni makosa yako halisi. Karibu. Nimefurahi kuyaona." Alimwonyesha alipogeuza sehemu isiyopaswa kugeuzwa, kisha akageukia jalada. "Karatasi hii nitaitia sahihi. Hizo kumi na nne zitabaki humu, na tarehe zake, na neno moja la maelezo. Hatufuti tena."

Kisha akaweka kalamu chini.

"Sikiliza, Hester. Alama ni habari. Anayeipokea huitumia kuamua: nani akae na nani, nani arudie, nani aende ukumbini. Ulimpa mama yako habari ya uongo, naye akaamua kwa akili yake yote, na kila uamuzi ukawa mbovu. Alikutibu ugonjwa usiokuwa nao. Ule uliokuwa nao haukuguswa. Upweke nao ni shida ya kweli, lakini hausomeki kwenye karatasi ya hesabu. Husemwa kwa mdomo, na hurudiwa ukiambiwa ungoje." Akamgeukia Mama. "Na wewe, Joanna, kanuni yako imefundisha somo ambalo hukulipanga. Ukiwa na kiti kimoja tu, na cha mwenye kukosa, usishangae watu wakikosa."

"Nimesikia, mwalimu," alisema Mama. Miaka ishirini iliyopita alikuwa mwanafunzi wake.

Kitabu cha sita hakikurudiwa, na Ijumaa zilibaki. Lakini tangu siku hiyo hadi Agosti, Hester alikaa na Silas dakika arobaini asubuhi ya kila Jumatatu, Jumanne na Jumatano, akimsikiliza akisoma. Alikuwa amezihesabu mwenyewe: vikao arobaini na viwili, saa ishirini na nane.

"Usinisaidie," Silas alimwambia siku ya kwanza, kidole kikiwa juu ya neno. "Ngoja tu."

Hester alingoja. Mbwa alitoka shimoni mwezi Juni.

Kwenye friji Mama alikata mstari wa mwisho wa kanuni, akaandika mwingine: *Jumanne na Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Hester na Mama, hata kama hajakosa kitu.* Jumanne ya kwanza Mama alichelewa ghorofani dakika kumi kwa sababu ya Jonas. Hester alikwenda chini ya ngazi, akamwita.

"Mama, ni zamu yangu."

"Naja," alisema Mama, na akaja, na akavuta kiti.