Alama Kumi na Sita za Bilyana

Kila Jumatano baada ya masomo, Bilyana alinunua banitsa mbili za moto, mikate ya tabaka yenye jibini, akakimbilia nyumba ya utamaduni ya mji wao mdogo wa Yavorets. Moja ilikuwa yake, ya pili ya mjomba wake Stamen, fundi wa mtandao wa mji. Chumba cha fundi kilikuwa juu, nyuma ya jukwaa, kimejaa nyaya mpaka huoni pa kukanyaga. Bilyana, mwenye miaka kumi na mitatu, alikipenda kuliko chumba chake mwenyewe.

Jumatano hiyo kulikuwa na kazi ya maana. Kompyuta inayotuma barua pepe ina namba yake kwenye intaneti, na kompyuta inayopokea huuliza: namba hii ni ya nani? Isipopata jina, huweza kuikataa barua. Yavorets ilikuwa na namba kumi na sita tu, kipande cha fungu kubwa la kampuni moja ya jiji la Plovdiv, na majina yake yalitunzwa na kampuni hiyo. Sasa kampuni ilikubali kuwakabidhi watu wa Yavorets kazi hiyo. Atakayeuliza jina la namba yoyote kati ya hizo angeelekezwa kwenye seva ya Mjomba Stamen, yaani kompyuta inayotoa majibu hayo.

"Andika majina, halafu pima namba zote," mjomba alisema akivaa koti. "Ila upimie nje, kwa intaneti ya simu. Ukiiuliza seva yetu humu ndani itakujibu tu, si ya kwetu? Inayojibu, iwekee alama kwenye karatasi hii."

Bilyana aliandika majina yote bila kukosea. Akauliza kwa kompyuta ya mezani, namba zote zikajibu. Mara ngoma zikaanza chini: mazoezi ya kikundi cha kucheza, na yeye ndiye kiongozi wa mstari. "Zimejibu ndani, nje zitashindwaje?" akajisemea. Akaweka alama kumi na sita chapuchapu, akateremka ngazi mbilimbili.

Mazoezi yalipokwisha mjomba alimuuliza, "Umepimia nje?" Bilyana akatikisa kichwa kulia na kushoto, ambayo kwao ni ishara ya ndiyo. Akajifariji kwamba angalau mdomo wake haukusema uongo.

Jumamosi asubuhi Bi Tsonka, katibu wa nyumba ya utamaduni, alipanda ngazi akihema, akawakuta Bilyana na mjomba wake chumbani.

"Stamen! Barua yetu ya tamasha imerudi! Eti namba haina jina. Waandaaji kule Plovdiv wanafunga orodha saa sita. Hawa watoto wamejifunza mwaka mzima waje kunichezea mimi na paka wangu?"

Stamen alitazama karatasi, akaona alama kumi na sita. "Kwetu kuko safi. Ni hao wa kampuni." Akapiga simu. "Wewe ndiye Lyubomir uliyesema umemaliza? Umemaliza nini, bwana? Kwa uzembe wako watoto wanakosa tamasha!"

"Samahani sana," sauti ya kijana ilijibu ikitetemeka. "Labda nimekosea, mimi bado mgeni kazini."

Bilyana aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. "Mjomba, mwache! Sikupimia nje. Nilikudanganya."

Stamen akamwambia Lyubomir atampigia tena, akampa Bilyana simu. "Haya, pima."

Namba ya kompyuta inayotuma barua haikujibu. Stamen alichunguza seva yake, kisha akajipiga paji la uso. Yeye mwenyewe aliipanga zamani iwajibu watu wa ndani tu. Kila aliyeuliza kutoka nje alifungiwa mlango. Akaufungua. Wakasubiri robo saa ili mabadiliko yafike nje, Bi Tsonka akizunguka chumba na kuuliza saa kila dakika. Bilyana akapima tena, na jina likatokea. Barua ikatumwa upya, na saa sita kasoro robo jibu likaja: kikundi cha Yavorets kimeandikishwa. Bi Tsonka akawabusu wote wawili.

Stamen alimpigia Lyubomir akamwomba radhi, kisha Bilyana naye akaomba.

"Mlango niliufunga mimi, hilo ni langu," mjomba alisema baadaye. "Ila ungeacha nafasi tupu, ningejua pa kutazama. Fundi akishaweka alama, wenzake huacha kutazama pale. Alama yako ndiyo iliyonifanya nimgombeze mtu aliyefanya kazi yake."

Bilyana hakujitetea. Aliomba karatasi mpya, akapima kwa simu, moja baada ya nyingine. Namba ya kumi na nne ilikaa kimya. Alirudia mara tatu, ikakataa. Akaiacha bila alama, akampelekea mjomba karatasi.

"Kumi na tano zinajibu. Hii moja haijibu, na sijui kwa nini."

Stamen aliitazama ile nafasi tupu, akatabasamu. "Ndani ilijibu, basi kampuni imeiruka; tutamwambia Lyubomir kwa upole. Bilyana, karatasi hii naiamini kuliko ile yenye alama zote."